Mipungi ya Upare Kaskazini: Kutoka Kwakoa Hadi Usangi

Mpungi ni msitu mdogo wa ukoo, mahali ambapo Wapare wa milima ya kaskazini huwatambikia wahenga wao. Katika Wilaya ya Mwanga pekee mipungi ipo kwa mamia, na mingi haifikii hata hekta moja. Imesimama katikati ya migomba na kahawa, nyuma ya nyumba za watu, kando ya njia ya shule. Ndani yake hakuna jengo, hakuna sanamu wala madhabahu ya kuchongwa. Asiyeambiwa anaweza kuupita akidhani ni kichaka ambacho mwenyewe hajapata nafasi ya kukifyeka. Kwa wenye mpungi, msitu huo ndio nyumba, na wenye nyumba wako ndani.

Safari inayosimuliwa hapa ilianzia Kwakoa, wala si Mwanga mjini ambako wageni wengi huanzia. Barabara ya Mwanga inayopitia Kikweni ni rahisi zaidi. Magari yapo na mtu hufika Usangi bila kutokwa jasho. Ila anayepandia upande huo huikuta misitu bila kuona kwa nini watu waliihitaji. Kwakoa inamwonyesha mapema.

Kata hiyo iko mashariki ya milima, kwenye tambarare inayoelekea mpaka wa Kenya. Ziwa Jipe liko kaskazini yake, na kusini-mashariki zimetanda nyika za Mkomazi, zilizokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na sasa ni hifadhi ya taifa. Ni nchi ya migunga, vumbi jekundu, na mbuzi wanaohama na kivuli. Vuli na masika huja kwa kubahatisha, na mwaka mbaya mahindi hunyauka yakiwa kimo cha goti. Asubuhi, mtu akiinua macho upande wa magharibi, huona wingu limekalia milima na haliteremki. Huko juu mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na maji yake ndiyo yanayoshuka kwenye makorongo na kwenye mifongo, ile mifereji ya kumwagilia iliyochimbwa na mababu, hadi mashamba ya chini. Swali la nani anaishika mvua lilikuwa swali la chakula.

Wakazi wengi wa tambarare wana asili ya mlimani. Ardhi ilipobana huko juu, watu walishuka na majembe na mifugo yao, lakini koo hazikushuka. Mtu anaweza kuzaliwa Kwakoa, akalima na kuoa hapo hapo, na bado akiulizwa kwao ni wapi atataja kitongoji cha Usangi au cha Ugweno. Panapotokea misiba inayofuatana, au mtoto akiugua ugonjwa usioeleweka, wazee hukaa chini na kuulizana ni lini mara ya mwisho ukoo ulipanda kutambika. Wengine huuliza kwa sauti, wengine kwa minong'ono, kwa kuwa kesho yake ni Jumapili au Ijumaa.

Njia ya miguu huanza kwa upole, kisha husimama. Migunga huachwa nyuma, hewa hupoa, na baada ya kupanda kwa muda mrefu mgomba wa kwanza hujitokeza kwenye bonde lenye unyevu. Kutoka hapo mandhari hubadilika yote: migomba juu ya kahawa, maharage chini ya kahawa, majani ya ng'ombe kwenye kingo, nyumba za matofali ya kuchoma zenye mabati. Usangi imekaa kwenye bonde la juu lililozungukwa na vilele, kikubwa kikiwa Kindoroko chenye mita 2,113. Misitu ya hifadhi ya serikali imebaki kwenye vilele hivyo. Sehemu nyingine yote imelimwa, hata kwenye miteremko ambayo mgeni hushangaa mkulima anasimamaje. Miti inayoonekana kwa wingi ni ya kupandwa: mikaratusi na migrevilea, iliyonyooka, ya mbao na kuni. Ndiyo maana mpungi hujitambulisha kwa mbali. Ni doa la kijani kizito lenye vilele vya urefu tofauti, miti ya asili iliyoshikana na kufungwa kwa mitambaazi, katikati ya shamba ambalo kila kitu ndani yake kimepangwa na mkono wa mtu.

Mpungi uliotembelewa safari hii ulikuwa mdogo. Mtu angeuzunguka kabla maji ya chai hayajachemka. Upande mmoja mahindi yalikuwa yamelimwa hadi kwenye mstari wa masale, yale majani marefu yanayopandwa kama mpaka, na jembe halikuvuka hata hatua moja. Mzee wa ukoo aliyemwongoza mwandishi alisimama kwenye mstari huo akavua kofia.

"Hapa hatupiti tu, mwanangu. Tunabisha hodi kwanza."

"Sawa, baba."

Akataja majina, moja baada ya jingine, kuanzia la baba yake kwenda juu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na watu walio chumba cha pili. Alieleza kwa Kipare amekuja na nani na kwa nini. Hakuongeza kitu. Kisha aliinama kupita chini ya tawi, na mgeni akafuata nyuma yake.

Kinachogonga macho ndani ni kuni. Matawi makavu yamelala chini kwa miaka, mengine yameoza na kuota uyoga, mengine bado ni magumu na yangewaka vizuri sana. Nje ya masale, hatua chache kutoka hapo, kila kijiti kimeokotwa, na wanawake hutembea mbali na kamba mkononi kutafuta mzigo mmoja. Hakuna ua wala mlinzi anayezuia. Miongoni mwa ushahidi wote ambao mgeni anaweza kuuona kwa macho yake, huo ndio wenye nguvu kuliko masimulizi ya watu waliovimba tumbo kwa kukata mti au waliozunguka msituni usiku kucha wakitafuta njia ya kutokea. Masimulizi hayo yapo, na husimuliwa kwa ufundi, lakini masimulizi ni rahisi kutunga. Kuni zilizoachwa zikioza katika kijiji chenye shida ya kuni ni jambo gumu kuigiza.

Katikati kuna mkuyu mkubwa wenye mizizi iliyokumbatia jiwe. Chini ya jiwe, kwenye upenyo mkavu, palikuwa na chungu kilichofunikwa kifudifudi na kuota kuvu la kijani. Mzee hakukigusa wala hakukionyesha kwa kidole, alikielekezea kidevu. Mgeni hakuuliza kuna nini chini yake, kwa kuwa si kila swali ni la kuulizwa siku ya kwanza.

Jibu, hata hivyo, linajulikana katika maandishi juu ya Wapare. Zamani marehemu mtu mzima alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa na kuhifadhiwa mahali pa ukoo, kwenye mpungi au kwenye pango, mara nyingi likilindwa kwa chungu. Fuvu lilikuwa mahali pa kuongea na mhenga. Alilishwa, alipewa habari, aliombwa msamaha. Juu ya wahenga wote alikuwapo Kiumbi, muumba, ambaye hakusumbuliwa kwa mambo madogo. Wahenga ndio waliopeleka maneno. Kutambika kwenyewe, ambako Wapare hukuita kutasa, kulihitaji pombe, mara nyingi dengelua ya miwa, na katika mambo mazito mbuzi au kondoo. Mkubwa wa ukoo alimimina na kunena, wadogo wakaitikia kwa zamu zao za umri. Mwanasosholojia Cuthbert Omari, mwenyewe Mpare, aliyaeleza haya kwa kina katika kitabu chake juu ya Mungu na ibada katika jamii ya asili ya Waasu, jina ambalo Wapare hujiita.

Sharti moja la tambiko linastahili kutajwa peke yake: ndugu wenye ugomvi hawatambiki pamoja mpaka wapatane. Ukoo wenye kesi ya mpaka wa shamba ulilazimika kuimaliza kesi hiyo kabla ya kumwaga pombe. Kwa hiyo mpungi ulikuwa pia baraza, na hukumu yake ilikuwa na mashahidi ambao hawawezi kuhongwa.

Mpungi usichanganywe na mshitu. Mshitu ulikuwa msitu mkubwa zaidi wa jando, ambako vijana wa kiume waliwekwa, wakafundishwa siri, sheria na uvumilivu, na kutoka wakiwa watu wazima. Mpungi ni wa ukoo; mshitu ulikuwa wa nchi. Tofauti hii inaonekana wazi katika historia ya Ugweno, dola kongwe ya upande huo wa milima. Kwa mujibu wa Isaria Kimambo, ambaye kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya kisiasa ya Wapare bado hakijapata mpinzani wa uzito wake, watawala wa kwanza walikuwa Washana, ukoo wa wafua chuma, waliopinduliwa na Wasuya wakiongozwa na Angovi, katika kipindi ambacho Kimambo anakikadiria kuwa karne ya 16. Mwanawe, Mranga, ndiye aliyeijenga dola: aliweka mabaraza, akagawa madaraka, na akaifanya mishitu kuwa chini ya utawala, ili kila kijana wa Ugweno apite kwenye mlango mmoja. Washana walibaki na uhunzi wao, na chuma cha Ugweno kiliuzwa hata kwa Wachaga.

Kwa maneno mengine, tangu mwanzo msitu mtakatifu ulikuwa suala la nani anatawala. Hoja hii husahaulika sana. Miaka ya 1990 wataalamu wa misitu walipoanza kuorodhesha na kupima misitu ya jadi ya Upare Kaskazini, wengi walifurahi kupita kiasi na kuwaona mababu kama wahifadhi wa mazingira waliotangulia wakati. Hawakuwa hivyo. Hakuna mzee aliyeutenga mpungi ili kuokoa spishi za mimea. Aliutenga kwa sababu baba yake yumo, na kwa sababu anayeshika ufunguo wa mahali pale ndiye anayegawa ardhi, anayeamua mirathi na anayesikilizwa mvua ikichelewa. Miti ilinusurika kwa kuwa ilisimama kwenye kivuli cha mamlaka hayo. Mamlaka yalipotikisika, miti nayo ilianza kuanguka.

Yalitikisika kwa awamu. Wajerumani waliitwaa nchi mwishoni mwa karne ya 19, na nyuma yao walikuja wamisionari: Waluteri wa Leipzig walijenga Shighatini huku Upare Kaskazini, na Mbaga huko Upare Kusini, ambako mmisionari Jakob Dannholz aliandika mengi juu ya imani za wenyeji aliotaka waziache, na Waadventista Wasabato walifungua kituo chao cha kwanza Giti, Upare Kusini, mwaka 1903. Uislamu nao ulienea Usangi na Ugweno, na leo misikiti na makanisa hutazamana bonde kwa bonde. Waumini wapya walifundishwa kwamba mpungi ni mahali pa mashetani. Baadhi waliukata ili kuonyesha kwamba hawaogopi. Wengine, na hawa ndio wengi, waliuacha ulivyo na kukoma tu kuutaja mbele ya mchungaji.

Mafuvu yalikuwa na msukosuko wake. Kwa wanasayansi wa Ulaya wa zama hizo fuvu lilikuwa kitu cha kupimwa kwa rula, na maelfu yalisafirishwa kutoka makoloni. Utafiti uliomalizika Berlin mwaka 2023, juu ya mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, uliyatambua yapata 200 kuwa ya eneo ambalo leo ni Tanzania, na vipimo vya vinasaba vilipata ndugu hai wa baadhi yao huko Uchagani. Mengine yalichukuliwa makaburini na mapangoni. Mtu anayetoka kwenye mpungi hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo kwa ukoo ulioachwa na chungu kitupu.

Pigo kubwa zaidi kwa misitu lilikuja baada ya uhuru, bila mtu yeyote kulikusudia. Mwaka 1963 serikali ilifuta madaraka ya machifu. Azimio la Arusha lilifuata mwaka 1967, kisha siasa ya vijiji, na ardhi ikawa ya umma chini ya kamati na maofisa ambao hawakuwa na sababu ya kuheshimu mipaka ya koo. Mahali pengine mpungi ulionekana kuwa shamba lisilotumika au mbao zisizovunwa. Uliokatwa haukurudi, kwa kuwa miti ya asili ya umri ule haipandwi upya katika maisha ya mtu mmoja.

Walio mbali wamewahi kupita njia hiyo hiyo. Japani, dini ya Shinto ina mahekalu ya vijijini ambayo kila moja huzungukwa na kichaka chake kitakatifu, na makongwe kati yake yanaonyesha kwamba msitu ulitangulia jengo. Hekalu la Omiwa katika mkoa wa Nara mpaka leo halina ukumbi wa ndani wa kumweka mungu wake, kwa sababu kinachoabudiwa ni Mlima Miwa wenyewe ulio nyuma ya ukumbi wa kusalia. Mwaka 1906 serikali ya huko iliamuru mahekalu madogo yaunganishwe na makubwa ili yasimamiwe kwa urahisi. Makumi ya maelfu yalifutwa na miti yake mingi ikauzwa. Minakata Kumagusu, mtaalamu wa viumbe vidogo vya msituni, alipinga kwa kalamu na kwa mdomo, na mwaka 1910 akatiwa ndani kwa kuvamia mkutano. Baadaye mwanabotania Akira Miyawaki alipotaka kujua misitu ya asili ya Japani ilikuwaje kabla ya kilimo, alikwenda kuisoma kwenye vichaka vya mahekalu yaliyobaki. Mtaalamu wa mimea anayetaka kujua bonde la Usangi lilikuwaje kabla ya kahawa hana mahali pengine pa kwenda isipokuwa vilele vya hifadhi na mipungi.

Tofauti ni kwamba hekalu la Japani lina makuhani, majengo na rejesta. Mpungi hauna hata kimoja. Makaya ya Wamijikenda katika pwani ya Kenya, yaliyokuwa vijiji vyenye ngome ndani ya msitu, yalikuwa katika hali inayokaribiana na hii mpaka serikali ya Kenya ilipoanza kuyatangaza kuwa maeneo ya kumbukumbu ya taifa miaka ya 1990, na UNESCO ikaingiza baadhi yake katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mipungi ya Upare ni midogo mno na mingi mno kwa utaratibu wa namna hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinafungua mlango mwingine: kijiji kinaweza kuhifadhi msitu wake na kutunga sheria ndogo yenye faini. Faini husaidia pale tu ambapo mwenyekiti wa kijiji na wazee wa ukoo wanasema neno moja. Wakipishana, mwenye msumeno hupata mwanya, na msumeno wa mnyororo hauhitaji nusu saa.

Wenye mpungi wenyewe wamegawanyika. Wapo wanaopanda kutoka Kwakoa kila ukoo unapoita, na wanachanga fedha ya mbuzi kupitia simu. Wapo walioko Dar es Salaam ambao huchanga kuliko wote na hawaonekani kamwe. Wapo wasomi wa ukoo wanaotaka mpungi upimwe na upewe hati, na wazee wanaojibu kwamba kitu chenye hati kinaweza kuuzwa. Mzee wa safari hii alikuwa mshirika wa kanisa, na wimbo wa kwaya ulikuwa mlio wa simu yake. Alipoulizwa anavyoyapatanisha hayo mawili alisema Biblia inamwamuru kumheshimu baba na mama, na haikuandika kwamba heshima hiyo inakoma wakifa. Ni hoja ambayo mchungaji angeweza kuipinga, lakini si kirahisi.

Mgeni anayetaka kuona mpungi huanzia Usangi, kwenye ofisi ya kijiji na kisha kwa mzee wa ukoo husika. Kimoja bila kingine hakitoshi. Utalii wa kitamaduni upo Upare Kaskazini, na waongozaji wake wanajua mipungi ipi hufunguliwa kwa wageni na ipi haifunguliwi. Haichukuliwi picha bila ruhusa, hakiokotwi kitu, hata jani. Ada ya kijiji hulipwa kwa risiti. Anachopewa mzee kwa mkono ni zawadi, na sukari au kilo ya nyama hupokewa vizuri kuliko noti. Miezi ya Januari na Februari, na ile ya Juni hadi Septemba, njia za upande wa Kwakoa huwa kavu. Mvua za masika zikianza, udongo wa mteremko huteleza vibaya, na hata wenyeji wa tambarare wenye tambiko la haraka huzunguka kwa gari kupitia Mwanga.